Sanduku Tupu Kwenye Gari la Emmett

Doreen Kvale hajui kunong'ona. Alizaliwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na hata anapokupa siri huitoa kwa sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo aliponisogezea kikombe cha kahawa hemani mwake asubuhi ile na kuniinamia sikioni, nadhani hata majaji waliokuwa kule ukingoni mwa ziwa walimsikia.

"Amekuja."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Berit. Yule wako."

"Sina wangu mimi."

"Haya. Basi yule asiye wako amekuja, ameegesha kule mwisho karibu na matete, na amekonda."

Sikugeuka. Nilipiga funda la kahawa lililoniunguza ulimi, nikajitia kutazama ziwa. Ukungu ulikuwa haujainuka, miti imeanza kugeuka manjano, na bata wa porini wamejikusanya katikati ya maji wakibishana habari za safari. Ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio ya klabu yetu ya mbwa. Lefse wangu akifaulu leo, angepata utepe uliobaki na cheo cha juu kabisa anachoweza kupewa mbwa wa kuokota bata waliopigwa risasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa upepo, kwa mvua, hata kwa jaji mwenye roho mbaya. Kwa hili la Doreen sikuwa nimejiandaa.

"Amekonda kivipi?" niliuliza.

Doreen alicheka hadi kifuniko cha birika kikatikisika. "Si wako, lakini unataka kujua kakonda kivipi."

"Nauliza tu."

"Kakonda kama mtu anayejipikia mwenyewe." Akanikatia kipande cha keki ya tufaha, akanitilia mkononi. "Kula. Halafu nikuambie jingine, na usiniangushie kikombe. Mwakani haji. Amepata shamba kwao Louisiana, lenye bwawa lake mwenyewe. Leo wakimaliza hapa anapakia mbwa, anaondoka, ndiyo basi. Amemwambia mume wangu kwa kinywa chake."

Sikuangusha kikombe. Nilikiweka mezani taratibu, nikamshukuru kwa keki. Sisi watu wa Minnesota hatulii hadharani. Tukiumia tunasema "haya basi," kisha tunatafuta vyombo vya kuosha. Nikamwoshea Doreen vikombe vyake vyote, na hata vile visivyotumika.

Emmett Guidry, huyo asiye wangu, ni mfunzaji wa mbwa, na kazi hiyo ina mwendo wake. Joto la kwao likizidi, huja kaskazini na gari lake lenye masanduku ya mbwa pande zote mbili, kila sanduku na mlango wake. Hukaa huku hadi baridi ianze kuuma, kisha hurudi kusini na mbwa wa watu, wakafanye mazoezi ambako maji hayagandi. Wenye mbwa huwakabidhi kwa furaha. Baba yangu, Arne Aasen, ambaye hajawahi kumkabidhi mtu hata koleo, ana neno lake kuhusu wafunzaji wa namna hiyo. "Bata," husema. "Wanakuja na bata, wanaondoka na bata."

Lefse alizaliwa kwenye banda letu, ana rangi ya ile mikate myembamba ya viazi aliyokuwa akituchomea bibi kila Krismasi, na ndiyo iliyompa jina. Mwaka huo Baba alipasuliwa nyonga, nami nashinda dukani nikiuza vyakula vya mifugo. Kwa hiyo tulimpeleka ng'ambo ya ziwa kwa Emmett amfundishe mchana, na jioni nilikwenda kumchukua. Mwanzoni nilichukua mbwa nikaondoka. Baadaye nikawa nakunywa kahawa kwanza. Mwisho wake Lefse alikuwa akilala juu ya miguu yetu wote wawili pale kwenye ngazi ya nyumba aliyopanga, jua linazama, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Tulikaa hivyo majira mawili ya joto. Kisha Septemba ya mwaka jana, mbwa wote wamekwisha pakiwa, alinishika mkono palepale kwenye ngazi.

"Njoo nami kusini, Berit."

"Na Baba?"

"Baba yako anatembea sasa. Juzi nimemwona juu ya paa la banda."

"Mama amekufa, kaka yangu yuko Alaska. Nikiondoka na mimi, kwenye ile meza anabaki yeye na redio."

Alimkuna Lefse shingoni. "Basi nipe huyu. Majira ya baridi tu, kama wenzako wanavyonipa mbwa wao. Nitakurudishia mwezi wa tano."

"Huwezi kunichukulia kila kitu."

"Sijachukua kitu, Berit. Hiyo ndiyo shida yangu."

Akaondoka. Msimu huu alipanga mbali, kaunti ya tatu kutoka kwetu, na mimi nikamfundisha Lefse peke yangu kwa filimbi aliyonipa yeye, kwa maneno yake, kwa mkono kuinuliwa vile anavyouinua yeye. Mwaka mzima nilikuwa naishi na Emmett asiyekuwepo. Ukitaka kujua kutamani mtu ni nini, jaribu kumfundisha mbwa wako kwa namna yake.

Nilipotoka hemani nilimkuta Baba amevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mstari, yaani anayeita nani aingie na nani ajiandae. Nyonga ya pili nayo ilikuwa imeanza kumsumbua, lakini kizibao hicho humnyoosha mgongo.

"Hujala," alisema.

"Nimekula keki ya Doreen."

"Na vikombe umeosha. Nimekuona." Akachomoa jani kwenye manyoya ya Lefse. "Unajua kuwa yupo hapa."

"Nani?"

"Bata."

"Baba, tafadhali. Si leo."

"Mimi nasema hivi tu. Leo mbwa wetu anapata utepe wake, na watu wote waone tumemfundisha wenyewe."

"Majira mawili ya kwanza ya joto alifundishwa na Emmett."

"Mbwa husahau."

"Wewe ndiye uliyeniambia mbwa hasahau."

"Nilikuwa nazungumzia chakula," alisema Baba, akaenda zake akichechemea.

Nilikuwa namzungusha Lefse nyasini, apoteze ile nguvu ya ziada, sauti ya Baba ilipovuma. "Mstarini, Guidry na Boudin! Ajiandae Aasen na Lefse!"

Nilimfuata mbio. "Baba, mimi ni baada ya mume wa Doreen."

"Kvale ana mbwa mwingine uwanja wa pili. Bado hajarudi."

"Basi mngojee."

"Majaji hawangoji. Nani msimamizi hapa?"

"Wewe."

"Basi ingia kwenye turubai."

Niliingia. Kabla ya zamu yako unasimama na mbwa wako nyuma ya pazia la turubai, asione wenzake wanafanya nini kule mbele. Haoni, lakini anasikia. Nilisikia bunduki, nikasikia bata akianguka majini, kisha nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima, ikimtuma mbwa wake kwa kumtaja jina, kavu na fupi.

"Boudin!"

Lefse alisimama wima. Masikio yakaenda mbele, pua ikawa inafanya kazi pembeni mwa turubai, na mwili wote ukaanza kumtetemeka. Nilimwekea mkono kifuani nimtulize.

Sasa kuna desturi moja katika michezo hii ambayo siku ile niliichukia kwa moyo wote. Mbwa aliyemaliza kazi haondoki mara moja. Anaketi kando ya mstari, bila kamba, amtazame mwenzake akiokota bata wanaoanguka palepale walipoangukia wake muda mfupi uliopita, na asisogee hata kidogo. Tunaita kuheshimu. Mwenye mbwa anayeheshimu husimama naye, na yeye pia amefungwa: haruhusiwi kusema, wala kugusa mbwa yeyote, wala kuashiria kwa jicho. Akikosea, mbwa wake ametolewa. Na majaji wa siku ile walitaka anayeheshimu abaki mpaka bata wa kwanza afike mkononi.

Ndiyo maana nilipoitwa, nikatoka na Lefse pembeni yangu, nilimkuta Emmett amesimama pale kando, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeshika koti lake. Boudin, lile dume lake jeusi lenye jina la soseji ya wali ya kwao, limeketi mguuni pake.

Tulitazamana. Kweli amekonda. Mashavu yameingia ndani, na kola ya shati ilikuwa imeshonwa na mtu asiyejua kushona, bila shaka yeye mwenyewe. Macho ni yale yale. Aligusa ukingo wa kofia yake kunisalimu. Nami niliinamisha kichwa. Mwaka mzima nilikuwa nimepanga nitakayomwambia siku nikimwona, maneno makali na maneno matamu, na hapo tulipokutana tulikuwa mahali pekee duniani ambapo hairuhusiwi kusema neno.

"Uko tayari?" aliuliza jaji.

Nilikubali kwa kichwa. Kule ng'ambo wapiga bunduki wenye makoti meupe wakaanza. Bata mmoja kwenye matete, wa pili nyuma ya kisiwa, wa tatu, wa karibu zaidi, akaanguka wazi majini. Lefse alitazama kila mmoja anapoangukia. Jaji akanipa ruhusa.

"Lefse!"

Aliruka majini kwa kishindo, akaanza kuogelea, mimi nikabaki pale pamoja na Emmett.

Sijui kama umewahi kusimama karibu na mtu unayempenda na kukatazwa kumtazama. Macho yangu yalipaswa kuwa kwa mbwa, na yalikuwa kwa mbwa, lakini sikio la kulia, bega la kulia, upande wote wa kulia ulikuwa kwake. Nilimsikia akipumua. Upepo ulileta harufu ya koti lake, mafuta ya turubai na ile kahawa yao chungu. Nilitaka kumwambia usiende. Neno moja tu. Nilitaka kumwambia kwamba sukari ya kahawa yake bado iko kabatini kwangu na sijamwacha mtu aiguse. Ningefungua mdomo, majaji wangetutoa wote wawili, mbele ya Baba na mbele ya klabu nzima. Nikaubana mdomo kwenye filimbi.

Lefse alimpata bata wake, akageuka, akarudi moja kwa moja, kichwa juu, maji yanamchuruzika. Alipanda ukingoni vizuri kabisa. Hatua chache tu zilibaki anikabidhi, nami nikaanza kuinama kumpokea.

Hapo upepo ukamfikia.

Alisimama. Pua ikainuka. Akageuka, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya uzio, akaenda hadi miguuni pa Emmett, akaketi mbele yake na kuinua kidevu, bata mdomoni, vile vile alivyofundishwa akiwa mdogo jioni zile za ngazini. Mkia ulikuwa unapiga nyasi.

Hakuna aliyepumua. Nyuma yangu nilimsikia Baba akikohoa kidogo na kujizuia. Boudin, bata yuko karibu kugusa pua yake, alikuwa anatiririkwa na mate na kutetemeka kama jokofu bovu, lakini hakunyanyuka. Kama Emmett angempokea Lefse yule bata, Lefse angekosa utepe, na Boudin pia. Kama angemwashiria tu aende kwangu, ni yale yale. Hakuwa na la kufanya ila kusimama.

Alipeleka mikono nyuma ya mgongo. Akainua uso, akatazama juu mawinguni, na kule nyuma niliuona mkono mmoja ukiukamata mwingine kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe. Lefse akamngoja. Alikuwa amemngoja mwaka mzima, kumbe, na mimi nilikuwa najidanganya kwamba ni mimi peke yangu. Alipoona hapokelewi alitoa sauti ndogo ya kuuliza, puani, bila kumwachia bata.

Mimi ndiye niliyeruhusiwa kuita. Nilipuliza filimbi, ikatoka pumzi bila sauti. Nikaiachia ining'inie.

"Lefse." Sauti yangu iliparuza. "Njoo. Njoo kwangu, tafadhali."

Mbwa haambiwi tafadhali. Kila mtu pale alijua hivyo. Na nitasema ukweli, sikuwa namwita mbwa peke yake.

Lefse akanitazama, akamtazama Emmett. Emmett akafumba macho. Hapo ndipo Lefse aliponyanyuka, polepole kama mtu anayeaga msibani, akaja kuketi upande wangu wa kushoto, akaniachia bata mkononi. Bata alikuwa bado na joto.

Jaji aliinua mkono. "Anayeheshimu anaweza kwenda. Asante."

Emmett alipita nyuma yangu na Boudin wake. Mkono wa koti lake uligusa bega langu, labda kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa bado na bata wawili wa kufuata. Lefse aliwaleta wote wawili bila kosa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulipata utepe. Boudin naye alipata wake. Majaji walipokuwa wakigawa, Emmett alipokea, akashukuru, akaondoka watu wakiwa bado wanapiga makofi. Niliposhikwa mkono na mtu wa mwisho nilimtafuta kwa macho, nikamwona kule karibu na matete akifunga milango ya masanduku. Doreen alinisukuma mgongoni kwa kiwiko.

"Unangoja nini, barua?"

Nilikwenda na Lefse. Emmett alitusikia tukija lakini hakugeuka mpaka tulipofika.

"Hongera," alisema.

"Hongera nawe. Boudin alitulia kama gogo."

"Boudin alikuwa analia ndani kwa ndani. Tulikuwa wawili."

Lefse alikuwa amekwisha kumwekea kichwa gotini, na sasa hakukuwa na jaji wa kukataza. Emmett alichuchumaa, akamshika masikio yote mawili, akaegemeza paji la uso kwenye lake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilitazama pembeni.

"Kwa nini hukumtazama pale?" niliuliza.

"Ningemtazama ningechukua yule bata. Na wewe ungekosa utepe." Akasimama, akapangusa magoti. "Hata hivyo, si Lefse niliyeogopa kumtazama."

"Doreen anasema mwakani huji."

"Doreen anasema mengi."

"Ni uongo?"

"Hapana, ni kweli." Aliivua kofia, akaizungusha mikononi. "Nimechoka kuwa mtu wa kuja na kuondoka. Baba yako alisema kweli, ingawa alivyosema nilichukia. Nimepata mahali. Nyumba ni ndogo, ina baraza, inavuja upande mmoja. Bwawa liko mbele yake. Asubuhi ukifungua mlango unaona maji, na miti yenye miguu ndani ya maji. Jikoni kuna dirisha."

"Kila jikoni huwa na dirisha, Emmett."

"Najua. Nataka tu ulione."

Sikujua niyapeleke wapi macho yangu, nikayapeleka kwenye gari. Masanduku yote yalikuwa yamefungwa, pua nyeusi na za kahawia zikichungulia kwenye vitobo. Moja tu, la mwisho, mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na majani makavu, safi, yananukia.

"Hili mbona tupu?"

"Hilo ni la mbwa ambaye mwenyewe alikataa kumtoa."

"Tangu mwaka jana?"

"Watu wananipigia simu wakitaka nafasi. Nawaambia limejaa."

"Limejaa nini?"

"Majani." Alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Nabadilisha kila Jumamosi. Mtu akinikuta nitasema nini, sijui."

Hapo moyo ulinijaa. Nilimpenda mtu yule. Nilimpenda kwa kola yake mbaya na majani yake ya Jumamosi, na nilikuwa nimempoteza mwaka mzima kwa ajili ya meza moja na redio.

"Siwezi kuja leo," nilisema. "Baba anapasuliwa nyonga ya pili mwezi wa kumi na moja."

"Sijakuuliza, Berit."

"Niulize."

"Nilikuuliza mwaka jana. Swali lile mtu haliulizi kila siku."

"Sasa ni mwaka mwingine."

Alinitazama. Mbali kidogo watu walikuwa wanakunja mahema na kuitana, na magari yanawashwa. Alivaa kofia, akaivua tena.

"Njoo nami kusini, Berit."

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimfungua Lefse kamba, nikapiga ubao wa lile sanduku kwa kiganja. "Panda."

Lefse hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Aliruka ndani, akajizungusha, akajilaza kwenye majani na kuweka kidevu mlangoni kama aliyefika nyumbani kwake. Emmett alibaki ameduwaa.

"Unafanya nini?"

"Wenzangu wote wanakupa mbwa wao."

"Majira ya baridi tu?"

"Analala na blanketi," nilisema, kwa sababu hilo la baridi sikuweza kulijibu bila kulia. "Lile la kijani, limo kwenye begi lake hili, chukua. Usimpe mifupa ya kuku. Akiota na kupiga kelele, mguse sikio, atatulia."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

"Basi usilisahau."

Alinishika mkono uliokuwa na kamba, akaufumbata na kamba yake ndani, akauleta kinywani. Midomo yake ilikuwa ya baridi kwa upepo wa ziwani. Sikumbuki ni nani aliyemvuta mwenzake, lakini uso wangu ulikuwa kwenye lile koti, mafuta ya turubai na kahawa chungu, nami niliivuta harufu ile ndani kama mtu anayeweka akiba. Kisha akaniachia, akafunga mlango wa sanduku taratibu, akajaribu komeo lake na kulijaribu tena.

Nilisimama palepale hadi gari lilipopanda kilima na kupotea nyuma ya mahindi. Pua moja ya rangi ya waridi ilikuwa kwenye kitobo muda wote. Kamba ilibaki mkononi mwangu, nyepesi ajabu.

Baba alikuja kusimama kando yangu. Amevua kizibao, amekikunja kwapani.

"Umempa mbwa wetu."

"Mbwa wangu. Nimempa."

"Hm."

Vumbi lilitulia barabarani.

"Kvale hakuwa uwanja wa pili," nilisema. "Nilimwona akinywa kahawa."

"Pengine."

"Ulitupanga pamoja makusudi. Ulitaka kuona kama Lefse amemsahau?"

"Yule mbwa? La, yule nilijua hajasahau." Baba alikuna kidevu. "Nilitaka kumwona yeye. Kitu anachokitaka kiwe miguuni pake kabisa, kinamwomba akichukue, na wa kumzuia hayupo ila yeye mwenyewe." Akakohoa. "Akatazama juu."

"Uliona mikono yake?"

"Niliona. Nilikuwa nyuma yenu." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuzungumzia hali ya hewa, "Daktari anasema kufikia Krismasi nitakuwa natembea vizuri. Doreen ameshaahidi kuniletea chakula kila siku, nitake nisitake."

"Baba."

"Sasa mbwa anakwenda Louisiana," alisema, akiitazama ile kamba mkononi mwangu. "Na cheo chake chote kile. Itabidi mtu aende akamchukue."

Hakusema ni mtu gani, wala arudi lini. Aligeuka, akaelekea kwenye hema la Doreen akichechemea, na nilipomtazama tena alikuwa amekunja mikono ya shati na kuanza kuosha vikombe.